Sekunde Tisa za Mzee Lugembe

Uvinza
Jumapili, 7 Januari 2024

Dada Recheli,

Shikamoo. Pokea salamu kutoka huku kwenye chumvi. Mimi ni mzima, ukiacha mgongo na vidole. Shemeji Renatus hajambo? Na Josepha, ameshaingia sekondari au bado? Barua yako ya mwanzoni mwa Novemba nimeipata juzi. Mfaume, yule gadi wa treni ya Kigoma, anasema ililala dukani kwa Darshan pale Tabora karibu wiki saba, maana maji yalikata reli upande wetu na treni hazikupita. Sisi watoto wa reli barua zetu zinasafiri na reli, na reli ikilala nazo zinalala.

Unauliza tena kwa nini sikupi namba ya simu. Nikikupa namba, siku moja utapiga halafu utampa mtu mwingine aongee na mimi. Sitaki. Andika tu, nitajibu.

Kazi ni ileile. Tunakwangua chumvi kwenye mabwawa, tunajaza viroba, tunabeba. Siku hizi mvua ni nyingi na jua halitoshi, kwa hiyo tunashinda tumekaa, lakini chumvi haitoki mwilini. Vidole vyangu vimepasuka vyote, vimekuwa kama gome la mti. Hata kioo cha simu hakivitambui. Nagusa mara mbili, mara tatu, ndipo kinakubali.

Habari ya simu naileta kwa sababu uliuliza nafanya nini Jumapili. Kanisani siendi. Nacheza sataranji, ileile aliyotufundisha mzee wetu kwa vizibo vya soda, na yeye alifundishwa na marehemu Rajnikant dukani kwake. Sasa inachezwa kwenye mtandao. Unacheza na mtu wa Urusi, wa India, wa Dar, humjui hakujui. Kwanza walinipiga sana, maana Rajnikant alimfundisha mzee kwa desturi ya kwao ya zamani, kwamba askari anaanza kwa hatua moja tu. Kumbe dunia nzima askari akianza anaruhusiwa hatua mbili! Miaka yote tumecheza tukiwa tumefungwa mguu mmoja.

Kila mchezaji anapewa dakika kumi. Zikikuishia, umeshindwa, hata kama mezani ulikuwa na kete nyingi. Na mimi ushindi wangu unatoka hapo. Mchezo ukifika mahali ambapo hakuna anayeweza kumla mwenzake, watu waungwana wanaomba sare. Mimi nakataa. Nasogeza ngome kulia, nasogeza kushoto, naangalia saa ya mwenzangu inavyokwisha. Wananitukana kwa maandishi, nimefunga maandishi. Wakishindwa najisikia vizuri kama dakika tano hivi.

Naitwa Chumvi Kavu humo. Usicheke.

Wasalimie wote wanaonikumbuka.

Mdogo wako,
Zablon


Bukene
20 Februari 2024

Mdogo wangu Zablon,

Marahaba. Sisi hapa tunashukuru Mungu. Renatus yupo, mahindi yamesimama vizuri, mtama umeliwa na ndege. Josepha ameanza kidato cha kwanza, anasoma Nzega, na ndiye aliyeniwekea vitu vyote kwenye simu kabla hajaondoka. Mama Mahona jirani amejifungua mapacha. Mchungaji anakuulizia kila mara, nami nimechoka kumwambia uko kazini.

Umewasalimia wote wanaokukumbuka. Kuna mmoja hukumsalimia. Miaka minne na nusu hujamsalimia, na mimi nimekuwa nikikuandikia kana kwamba nyumba hii haina mwenye nyumba. Leo sitafanya hivyo.

Baba alianguka tarehe 27 Novemba. Alikuwa anatoka chooni asubuhi, Renatus akamkuta amekaa chini, mdomo umekwenda upande. Upande wa kushoto wote umekufa. Maneno yamekwisha, limebaki neno moja tu la kuamkiana asubuhi, "mwangaluka". Ukimpa uji, mwangaluka. Akikasirika, mwangaluka. Saa kumi jioni, mwangaluka. Siku za kwanza tulicheka, Mungu atusamehe, na yeye alicheka. Mkono wa kulia unakwenda, lakini polepole sana. Kupeleka kijiko mdomoni ni safari.

Akili yake ni nzima, Zablon. Treni ya Mwanza ikichelewa anaangalia saa ya ukutani kisha ananiangalia mimi, kana kwamba mimi ndiye dereva.

Njoo. Na kama huji, nipe namba.

Halafu nieleze vizuri huo mchezo wako. Mtu akitaka kucheza na wewe anakutafutaje? Sare inaombwaje? Nimekaa hapa na mgonjwa mchana kutwa, na mimi niwe na cha kufanya.

Dada yako,
Recheli


Uvinza
17 Machi 2024

Dada Recheli,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia habari za Josepha. Mwambie asome, asije akaishia darasa la sita kama mjomba wake. Mapacha wa Mama Mahona nao wakue. Mimi niko vilevile. Wiki iliyopita kiroba kilinitoka begani kikamwangukia mwenzangu Ngollo mguuni, sasa anachechemea na ananiita muuaji. Tunakula naye sahani moja.

Habari za ugonjwa nimezisoma. Pole kwa kuuguza.

Uliuliza mchezo. Mtu akijua jina lako analiandika, anakutumia ombi, wewe unakubali. Sare kuna kitufe chake. Mwenzako anaona ombi, anakubali au anakataa. Kompyuta yenyewe pia inatoa sare mkirudia msimamo uleule mara tatu, au mkienda hatua hamsini hakuna kete iliyoliwa wala askari aliyesogea. Kwa hiyo mtu kama mimi inabidi awe na ujanja. Huzunguki njia ileile. Na ukikaribia hamsini unasogeza askari mmoja hatua moja tu, hesabu inaanza upya, na mwenzako anazidi kuishiwa.

Kuna kitu kingine kinanichekesha. Pembeni ya saa ya mwenzako kuna alama ya kujumlisha. Ukiigusa, yeye anaongezewa sekunde kumi na tano. Unampa mpinzani wako muda! Sijawahi kuigusa na sijui iliwekwa kwa ajili ya mjinga gani.

Nikupe mfano. Jumapili iliyopita, tarehe 10, nimekaa kwenye kivuli cha ghala baada ya kula, nikapata ombi kutoka kwa mtu anayejiita Bendera Kijani. Nikadhani ni mtu wa siasa. Alicheza taratibu sana, lakini si mjinga. Kila nilipofungua mlango aliufunga. Tukafika ngome moja kwa ngome moja, askari wanne kwa wanne wamebanana. Mimi nimebakiza dakika nne, yeye dakika moja na nusu. Akaomba sare. Nikakataa. Nikaanza kuzunguka. Akaomba tena, nikakataa. Alikuwa anachukua sekunde tano, sita kusogeza ngome nyumba moja tu. Alipobakiwa na sekunde tisa akaomba mara ya tatu. Zile sekunde badala ya kucheza alizitumia kuomba! Nikakataa, nikanywa maji, nikasubiri. Zikaisha.

Huo ndio mchezo, dada. Asiye na haraka atashindwa na mwenye kusubiri.

Nisalimie watoto.

Zablon


Bukene
9 Aprili 2024

Zablon,

Leo sikuulizi hali, utanisamehe.

Bendera Kijani ni baba.

Josepha ndiye aliyefungua hilo jina wakati wa likizo fupi, baada ya barua yako ya Januari, akatuonyesha pa kukutafuta na pa kuomba sare kabla jibu lako halijafika. Baba mwenyewe alilichagua kwa kuonyesha kidole kwenye ile bendera yake ya kazi, iliyotundikwa mlangoni tangu alipostaafu. Wiki nzima alifanya mazoezi ya kugusa kioo. Nilisema nimsogezee mimi, yeye anionyeshe tu pa kupeleka. Alinipiga kofi mkononi, Zablon, kwa huohuo mkono mmoja. Hakutaka mtu amguse kidole.

Jumapili ile hakwenda kanisani. Alitaka anyolewe. Renatus akamnyoa. Akataka kofia ya reli, nikamvika. Tukamweka kwenye kiti cha kamba pale barazani, nikaegemeza simu kwenye kibao cha kusukumia chapati ili isiteleze. Mimi nilichofanya ni kuandika maneno aliyonionyesha kwenye ubao wa Josepha. Aliandika tangu saa tatu asubuhi, herufi moja moja. Nikayanakili kwenye simu, nikayatuma mchezo ulipoanza: *Mwanangu, ni mimi. Tutoe sare.*

Sikujua kwamba umefunga maandishi. Uliniandikia, ndiyo. Nilisahau. Hilo ni kosa langu na nitalibeba.

Basi akaomba sare kwa kitufe. Alidhani umeyasoma maneno. Mara ya kwanza ulipokataa alinitazama akatabasamu, kwamba huyu bado ana hasira, ni haki yake. Mara ya pili hakutabasamu. Mara ya tatu mimi nilikuwa nalia, namwambia baba cheza, sekunde zinaisha, cheza! Hakusogeza kete. Alibonyeza sare, akaweka mkono pajani, akasubiri jibu lako.

Ilipoisha alilaza simu kifudifudi. Akavua kofia mwenyewe. Tangu siku hiyo hajasema hata lile neno moja.

Mimi ninajua kilichotokea kwenye mazishi ya mama. Nilikuwepo. Ulipanda treni ya Kigoma siku uliyopigiwa, ikakwama njiani, ukafika hapa saa kumi na moja jioni na udongo umeshafunikwa. Ninajua baba alitazama saa akasema, "Saa nane imefika, tuzike," na watu walimwomba asubiri mpaka kesho yake akakataa. Alikuwa mtu wa reli miaka thelathini na mbili, hakujua kufanya kitu kingine zaidi ya kuangalia saa. Na ninajua wewe ulisema nini juu ya kaburi la mama mbele ya watu wote. "Na wewe siku yako isinisubiri." Sikuandikii haya kukuhukumu. Ninakuuliza jambo moja tu. Askari wake alikuwa anawaanzisha kwa hatua moja moja, wote. Hukuona?

Recheli


Uvinza
12 Mei 2024

Dada Recheli,

Shikamoo, na shikamoo ya baba umpelekee.

Barua yako niliisoma nimesimama bwawani na buti miguuni. Msimamizi akauliza kama nimefiwa. Nikasema hapana.

Sikuona, dada. Vidole vinauma, jua kali, mtu anacheza haraka bila kuangalia. Ningejua nisingefanya. Nakuapia.

Namba yangu ni hiyo niliyoiandika nyuma ya bahasha. Lakini huku mabwawani mtandao unapatikana tu kwenye kivuli cha ghala, kwa hiyo usishangae ukinikosa. Maandishi nimeyafungua. Na nimemtumia baba mchezo mwingine. Huu si wa dakika. Kila mtu ana siku tano kwa kila hatua, na saa haianzi mpaka baba acheze hatua yake ya kwanza. Anaweza kuamka, akanywa uji, akafikiri, akalala, akacheza kesho. Nimeanza kwa kusogeza askari wa mfalme. Hatua moja. Mwambie hivyo, mwambie Zablon ameanza kwa hatua moja.

Kuja nitakuja. Sasa hivi kiangazi kinaanza, chumvi ndiyo inakomaa, ukiondoka nafasi yako anachukua mtu mwingine siku hiyohiyo. Nimeomba ruhusa ya mwisho wa Julai.

Nikueleze ukweli, si kazi peke yake. Naogopa mlango ule. Nikifika nitasema nini? Yeye hawezi kuongea, na mimi sijui.

Ngollo anakusalimu. Mguu umepona, sasa ananidai kiroba.

Mdogo wako,
Zablon


Bukene
16 Juni 2024

Mdogo wangu Zablon,

Marahaba. Mimi nina mafua, Renatus anavuna pamba, Josepha yuko nyumbani kwa likizo na amekuwa mrefu kunizidi. Kwa baba nilipeleka salamu zako.

Amecheza. Umeona mwenyewe, mmefika hatua ya kumi na moja. Hukujua tu jinsi ilivyokuwa huku. Nilipomwambia umeanza kwa hatua moja, alifumba macho muda mrefu nikadhani amelala. Kisha akasema, "Mwangaluka." Renatus alikuja mbio kutoka nje kusikiliza kana kwamba redio imepona.

Sasa anaamka ana kazi. Anaitazama simu kutwa. Hatua moja inamchukua siku nzima, mara nyingine mbili, na si kwamba hajui pa kwenda. Josepha anasema babu hataki iishe.

Lakini mkono unapungua. Juzi alijaribu kusogeza farasi mara tano, kidole kikaanguka pembeni. Hali chakula vizuri. Mganga wa zahanati alinichukua kando akaniambia nisitume watu mbali.

Wiki iliyopita aliomba ubao. Aliandika neno moja, asubuhi mpaka mchana. ASUBIRIWE. Nilimuuliza, nani baba, treni? Akanikazia macho. Nikamuuliza, Zablon? Akashusha kope. Nikamuuliza, asubiriwe mpaka lini? Akaufuta ubao kwa kiganja. Umenielewa? Ameyasikia yale maneno yako ya kaburini miaka yote hii, na jibu lake ndilo hilo.

Usingoje mwisho wa Julai. Sikuombi tena baada ya hapa.

Dada yako,
Recheli


Bukene
20 Julai 2024

Zablon,

Baba alifariki Alhamisi tarehe 11, saa mbili asubuhi, kama nilivyokuambia kwenye simu. Ulisema, "Nakuja," ukakata. Ilikuwa mara ya kwanza kusikia sauti yako tangu mama.

Nikuandikie yaliyofuata, maana hukuwepo.

Tulimpeleka hospitali Nzega akahifadhiwe. Wazee walitaka tuzike Ijumaa. Nikawaambia aliyoyaandika baba. Mzee Mahona akasema, huyu Lugembe ndiye yule aliyezika mkewe kwa saa ya ukutani, leo anataka asubiriwe mtoto? Watu wakacheka kidogo, msibani. Lakini wakakubali. Ijumaa tukakusubiri. Jumamosi tukakusubiri. Nilipiga simu yako mara ishirini na saba. Jumamosi mchana ukatuma ujumbe: *Daraja limekatika, magari hayapiti.* Nikawasomea watu. Mchungaji tu ndiye aliyeuliza, kwa upole, mvua gani hiyo.

Ni Julai, Zablon. Hapa vumbi linafika magotini.

Jumapili tukamleta kutoka Nzega, tukaweka jeneza barazani, pale pale alipokaa siku ile. Saa nane ikafika. Watu wote wakatazama ile saa ya ukutani, kisha wakanitazama mimi. Nikasema bado. Saa tisa, nikasema bado. Saa kumi kamili Renatus akanishika bega.

Mfaume alikuja kuhani juzi. Hakutaka kusema, alisema ameshapanda baiskeli, miguu iko kwenye pedeli. Anasema alikukuta Ijumaa jioni Tabora, dukani kwa Darshan, umekaa kwenye ngazi na mkoba wako. Na Jumapili asubuhi alipokwenda stesheni, ulikuwa bado uko pale.

Recheli


Uvinza
18 Agosti 2024

Dada Recheli,

Shikamoo. Usiponiitikia nitaelewa.

Nimeanza barua hii mara nne. Salamu sizijui tena zinavyokwenda. Natumaini mko wazima.

Ni kweli nilikuwa Tabora. Nilifika Ijumaa saa kumi na mbili kasoro. Darshan alinipa chai, akaniambia gari la Bukene linaondoka saa moja asubuhi. Jumamosi saa moja nilikuwa stendi. Konda akaita Nzega, Bukene, Nzega, Bukene. Nilishika mlango wa gari kabisa. Nikamwona baba amekaa na kofia, na simu imeegemezwa kwenye kibao cha chapati, nikauachia mlango. Konda akasema, "Oya mzee, unapanda au unasindikiza?" Nikarudi ngazini kwa Darshan. Nikakuandikia habari ya daraja. Sikufikiria hata kwamba ni kiangazi.

Jumapili sikwenda stendi kabisa. Nilikaa pale duka limefungwa, naangalia saa ya simu. Ilipofika saa nane nikasema, sasa wamezika, imekwisha. Nikasikia nafuu, dada. Nakuambia kama ilivyokuwa. Nafuu ileile ninayoipata mtu akiishiwa muda. Sikujua kwamba wewe ulikuwa unasema bado.

Na kuna jingine. Uliniuliza nikakuapia uongo. Nilijua ni baba. Hatua ya nne, alipoanzisha askari wa nne kwa hatua moja, nilijua. Hakukuwa na mtu mwingine aliye hai anayecheza hivyo, tulikuwa tumebaki watatu tu wa vizibo, yeye, wewe na mimi. Nilisimama. Ningeweza kufungua maandishi. Ningeweza kukubali sare ya kwanza. Nikasema moyoni, na yeye asubiri aone. Na zile sekunde tisa za mwisho sikuwa nanywa maji, nilikuwa nazihesabu kwa mdomo. Halafu nikakaa nikakuandikia barua ile ndefu ya kujisifu, nikijua utamsomea.

Sikumwonea aibu mtu wa Urusi wala wa India. Nilifanya mazoezi kwa watu hao miaka miwili, dada, kumbe nilikuwa namngoja yeye.

Sisemi nitakuja. Nimesema sana. Nikiweza kushika mlango wa gari nisiuachie, utaniona barazani.

Sasa habari ya ule mchezo wa pili. Bado uko wazi. Ni zamu ya baba. Aliondoka akiwa amebakiza siku nne, na zikiisha kompyuta itaandika kwamba Chumvi Kavu ameshinda. Nilipotoka Tabora siku ile Jumapili, nilifungua simu kwenye treni nikaona saa yake bado inatembea, imebaki chini ya saa ishirini. Ndipo nikaigusa ile alama ya kujumlisha. Kidole kilikataa mara mbili, mara ya tatu kikakubali. Kwenye mchezo wa siku, ukiigusa anaongezewa siku nzima.

Tangu hapo kila asubuhi kabla sijaingia bwawani napita kwenye kivuli cha ghala nikamwongezee siku moja. Ngollo ananiuliza nacheza na nani asiyesogea. Namwambia ni mzee mmoja, mkono wake mzito, hana haraka.

Sare nimeiomba. Imekaa pale kwenye simu yake, utaiona ukiifungua. Usiibonyeze, dada. Mkono si wako, na mwenyewe hakutaka mtu amguse kidole. Ila uichaji simu hiyo, usiizime.

Leo ni Jumapili. Nimeshamwongezea ya kesho.

Mdogo wako,
Zablon